Seva yako haina njaa ya RAM

"Kaka, seva inalagi. Nimetoka RAM 4 hadi 8, bado inalagi. Nipande 12?"

Ujumbe wa namna hii naupata kila shule zikifunga, na kila mara mwenye kuutuma ameshalipa. Hakuna anayeuliza kabla ya kutoa hela. Basi leo naandika yote mahali pamoja, ili siku nyingine nitume kiungo nirudi kwenye shughuli zangu.

Nazungumzia Minecraft ya Java kwenye seva ya kukodi yenye paneli, wachezaji watano hadi ishirini, ikiendeshwa na programu ya seva ya Paper au ndugu zake. Toleo la Bedrock lina mambo yake, siligusi hapa.

Seva hupiga tiki 20 kwa sekunde. Kila tiki ina milisekunde 50 za kumaliza kazi zote: mazombi yatembee, ngano iote, hopa zivute vitu, redstone ifanye yake. Kazi ikiisha kwa milisekunde 30, seva inapumzika 20 zilizobaki. Ikichukua 80, tiki inayofuata inachelewa, na ile inayofuata nayo, mpaka unavunja jiwe na jiwe linarudi mahali pake huku unalitazama. Namba hiyo ya milisekunde ndiyo MSPT. TPS, yaani tiki kwa sekunde, ni matokeo yake tu, tena matokeo yanayoficha mambo: itasoma 20 ukiwa na MSPT ya 5, na itasoma 20 vilevile ukiwa na MSPT ya 48. Mwenye 5 anaweza kualika darasa zima. Mwenye 48 akimkaribisha mtu mmoja tu mwenye banda la kuku mia mbili, jioni imeharibika. Kwenye Paper andika /mspt. Kwenye vanila, yaani seva ya asili isiyoguswa, kuanzia toleo la 1.20.3, kuna /tick query. Usinitumie TPS.

Sasa RAM iko wapi katika maelezo hayo? Haipo. Sehemu kubwa ya kazi ya tiki inafanywa na uzi mmoja wa prosesa, yaani kiini kimoja. Ukikodi mashine yenye viini 16 vya mwendo wa kobe, kimoja kitalemewa na vingine vitabaki karibu bila kazi. Ndiyo, kutengeneza chanki (vipande vya dunia vya bloku 16 kwa 16) na mawasiliano ya mtandao vina nyuzi zao, na Folia, mmoja wa ndugu za Paper, inagawa dunia kwa maeneo. Ukishajua Folia ni nini huhitaji makala hii.

"Lakini paneli inaonyesha RAM 92%, kaka!"

Hapa ndipo ninapochoka, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Java ukiipa -Xmx8G inajua ina gigabaiti 8 za kutumia, na inazijaza taratibu, kwa makusudi. Vitu vilivyokwisha kazi haviondolewi papo hapo. Vinaachwa vilundikane mpaka nafasi ipungue, ndipo mzoa taka anapita mara moja na kusafisha. Grafu inapanda, inashuka ghafla, inaanza kupanda tena, na ukiitazama kwa dakika chache inatoa meno kama ya msumeno. Meno hayo ni dalili ya afya. Seva isiyo nayo ndiyo ya kuogopa.

Paneli haiyaoni meno hayo. Inachoona ni kiasi ambacho konteina, yaani kisanduku seva yako inamoendeshwa, imechukua kutoka kwenye mashine, na Java ikishachukua hairudishi kirahisi. Halafu nusu yenu mmenakili zile flegi za Aikar, yaani maagizo ya kuwashia Java yanayosambaa mtandaoni, ambazo zinataka -Xms (kumbukumbu ya kuanzia) ilingane na -Xmx (kikomo), na ndani yake kuna AlwaysPreTouch. Kazi ya hiyo ya mwisho ni kuigusa kumbukumbu yote mara tu seva inapowaka. Maana yake paneli itasema RAM imejaa kabla hata mchezaji wa kwanza hajaingia! Mtu ameweka flegi zinazoiambia Java ichukue kila kitu, kisha anashtuka kwamba imechukua kila kitu, kisha anaenda kununua zaidi ili nayo ichukuliwe.

Kinachosema ukweli ni sakafu: mzoa taka akishapita, kimebaki kiasi gani? Weka kipimo cha Spark (Paper za karibuni tayari zinayo ndani) na uangalie. Sakafu ya gigabaiti 2.5 katika 8 ina maana umelipia ulichokuwa nacho tayari. Sakafu ya 7 katika 8, na mzoa taka anapita kila baada ya sekunde chache akiisimamisha seva nzima, hapo sawa, ongeza, nami nitakuunga mkono. Mwenye modipaki ya mamia ya modi naye asinisikilize, anahitaji kumbukumbu kwelikweli. Ila huyo mwenye Paper, plagini saba na marafiki sita? Hapana.

Tena kuongeza kwa pupa kunaleta ugonjwa mpya. Umenunua mpango wa gigabaiti 8, ukaandika -Xmx8G. Java ina mahitaji nje ya hipu, yaani nje ya kumbukumbu ile ya -Xmx: nyuzi, msimbo uliokwisha kutafsiriwa, bafa za mtandao. Vyote vinahesabiwa kwenye konteina hiyohiyo. Siku vikipita kikomo, konteina inauawa papo hapo, paneli inaandika namba ya kosa 137, na kwenye logi hakuna kosa hata moja. Mwenye seva ananiambia "inajizima yenyewe, labda RAM haitoshi". Kwenye mpango wa 8 mimi naandika -Xmx6500M. Kwa nini si 7000? Sina hesabu ya kukupa. Nimeona 7000 ikiuawa kwenye seva yenye plagini ya ramani, na 6500 ikaendelea kuishi, basi nimebaki hapo. Na uandike 6500M hivyohivyo, kwa sababu Java haikubali 6.5G.

Kuhusu flegi zenyewe za Aikar, niseme wazi kwamba naziweka kwa mazoea. Kwenye seva kubwa tofauti inaonekana. Kwenye seva ya watu wanane nimepima nikiwa nazo na nikiwa sina, na siwezi kuapa kwamba nimeona kitu.

Basi milisekunde zinaliwa na nani? Kwa kawaida ni viumbe, hopa, na chanki zinazoishi bila mtu kuzihitaji. Na mlango wa hayo yote ni mstari mmoja wa server.properties ambao watu wanauruka wakikimbilia jirani yake.

Jirani ni view-distance. Huo unaamua mchezaji atumiwe chanki za umbali gani ili azione. Mstari wenyewe ni simulation-distance, uliokuja na 1.18, na unaamua chanki za umbali gani ziwe hai: viumbe vitembee, mimea ikue, hopa zifanye kazi. Yote miwili huanza na 10. Mtu seva ikimlemea anashusha view-distance hadi 4, simulation anaiacha 10, halafu analalamika kwamba dunia imejaa ukungu na MSPT haijashuka alivyotarajia. Itashukaje, wakati mstari unaohusika na kazi ya tiki hakuugusa?

Fanya hesabu. Eneo linalomzunguka mchezaji ni mraba wenye upande wa mara mbili ya namba hiyo ukijumlisha moja. Kwa 10 ni 21 mara 21, yaani chanki 441. Kwa 5 ni 11 mara 11, chanki 121. Umekata namba kwa nusu, kazi imebaki zaidi kidogo ya robo. Wachezaji kumi waliotawanyika, kila mmoja upande wake, ni chanki 4,410 dhidi ya 1,210. Wakikaa kijiji kimoja maeneo yao yanalaliana na mzigo unapungua sana. Kwa hiyo watu wanane wanaotangatanga kutafuta almasi wanaweza kuilemea seva kuliko ishirini wanaojenga mji mmoja, na kwa hiyo swali la "wachezaji 20 wanahitaji RAM ngapi" silijibu.

Mimi huanza na view 8 na simulation 5, kisha napima. Usidhani kwamba view-distance haina gharama: inakula bando la mchezaji, inaongeza kazi ya kutengeneza chanki mpya, na ajabu yake ndiyo hasa inayokula RAM mnayoililia. Ila ukishusha simulation, shuka pia kwenye spigot.yml uangalie mob-spawn-range, umbali wa chanki ambamo mazimwi huzaliwa, ambayo huanza na 8. Isizidi simulation yako. Kisha kwenye bukkit.yml punguza monsters, kikomo cha mazimwi, chini ya 70, la sivyo idadi ileile ya mazimwi itabanwa kwenye eneo dogo zaidi, na wachezaji wataona usiku umegeuka vita.

Kuna bei. Simulation ya 5 ni bloku 80 hivi kila upande. Shamba la chuma la bwana fulani lililo bloku 150 kutoka nyumbani kwake litalala mpaka alisogelee. Atakuja kulalamika, na atakuwa na haki. Hakuna namba inayowaridhisha wote, na yeyote anayeuza "faili la mipangilio bora kabisa" hajawahi kuongea na mwenye shamba la chuma.

Na chanki mpya ni jambo la peke yake. Kama seva inakwama pale tu mtu anaporuka na elitra kwenda asikowahi kufika, weka mpaka wa dunia, washa plagini ya Chunky usiku watu wakiwa wamelala, iache itengeneze ardhi mapema. Imekwisha.

Sasa jinsi ya kuhariri, kwa sababu nusu ya "nimebadilisha haijasaidia" iko hapa. Seva husoma server.properties inapowaka, basi. Ukihariri ikiwa inaendelea, hakuna kitakachotokea, na kuna amri kama za kuwasha na kuzima whitelist zinazoiandika upya faili kutoka kwenye kilichomo kichwani mwa seva, na kazi yako inafutika. Zima, hariri, washa. Kisha ifungue tena faili ukague, kwa sababu thamani isiyoeleweka hupuuzwa na ile ya awali inaandikwa mahali pake bila kelele. Ukiandika simulation-distance=tano utarudi ukute 10. Kwenye mafaili ya yml usitumie kitufe cha tab, tumia nafasi.

Na kabla hujalia kwamba seva imefuta dunia: umegusa level-name? Imetengeneza dunia nyingine kwa jina hilo jipya, ile ya zamani ipo kwenye folda yake, rudisha jina. Vitu vya wachezaji vimepotea? Umegusa online-mode, inayokagua akaunti za wachezaji. Kila mchezaji sasa ana UUID (namba ya utambulisho) tofauti, seva inamwona mgeni. Ukiiacha false bila plagini ya nywila, yeyote anaweza kuingia kwa jina lako la admini, na usiku huohuo atafanya hivyo. Wenzako hawawezi kujenga karibu na spawn? Hiyo ni spawn-protection, iko 16, weka 0.

Tumalizie na kulagi kusikohusu seva kabisa. Jiwe likirudi kwa kila mtu, ni MSPT. Likirudi kwa mtu mmoja, ni mtandao wake. Mwanga ndani ya fiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na Nairobi hadi Frankfurt ni kama kilomita 6,300 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni milisekunde 63 kabla ya kifaa chochote kugusa pakiti, na kebo za baharini hazijanyooka. Hakuna mipangilio ya kuipita fizikia. Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini na Afrika Mashariki nzima ikawa inajikongoja, niliulizwa kama kushusha view-distance kungesaidia. Wala usikimbilie Johannesburg kwa kuwa kwenye ramani ni karibu. Mtoa huduma wako anaweza kuupeleka mtandao Ulaya kwanza ndipo urudi kusini. Waambie wachezaji wako wapime ping kutoka kwenye laini zao wenyewe, hasa jioni, kabla hujalipa.

Iko aina moja ya kulagi ambayo hakuna faili la kuitibu. Saa mbili usiku, watu watatu tu ndani, MSPT inaruka hadi 90, na Spark haionyeshi mkosaji: kila kitu kimekuwa kizito kwa kiasi kilekile. Ninachoshuku ni majirani, yaani mwenye mashine amewauzia watu wengi kuliko uwezo wa prosesa. Kwenye VPS, mashine ya mtandaoni unayoisimamia mwenyewe, ungeona ile st (muda wa prosesa unaochukuliwa na majirani) ndani ya amri ya top ikipanda. Kwenye paneli ya kukodi hilo halionekani, kwa hiyo nabaki kukisia. Kipimo changu ni kuwasha dunia tupu, bila plagini, saa ileile. Ikiruka nayo, piga picha ya skrini, fungua tiketi, omba kuhamishiwa nodi nyingine. Ila kabla ya kutuma hiyo tiketi, zima seva upakue nakala ya world, pamoja na world_nether na world_the_end kama zipo. Watoa huduma wengine huhamisha kwa kufuta.