Darasa la tatu na bado hajui kusoma: maswali ya wazazi

Mwanangu yuko darasa la tatu. Nikimtuma dukani harudi na chenji pungufu, lakini kusoma hajui. Ni uvivu?

Sivyo. Mtoto anayepiga hesabu ya chenji kichwani akili anazo. Unachokiita uvivu mara nyingi ni woga: amechekwa kila aliposimamishwa kusoma, sasa tumbo linamuuma kila asubuhi ya kipindi cha Kiswahili. Kabla hujamwita mzito, tafuta kinachomzuia.

Nianze kutafuta wapi?

Macho na masikio kwanza, maana ndiyo yanayosahaulika zaidi. Fungua madaftari yake. Kama kazi aliyonakili kitabuni iko sawa lakini ya ubaoni ina maneno yaliyorukwa, huenda ubao hauoni vizuri. Kisha mwite kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo. Mtoto anayetokwa usaha sikioni mara kwa mara anaweza kuwa anasikia nusunusu, hata "pa" na "ba" zikawa kwake kitu kimoja. Usaha huo usisubiri ukauke wenyewe, na usimtie mafuta wala maji ya majani. Mpeleke kituo cha afya.

Mtazame pia viganja na ndani ya kope za chini. Vikiwa vimepauka, au kama ana tabia ya kula udongo, apimwe wingi wa damu na choo. Upungufu wa damu humfanya mtoto achoke na asinzie darasani, na minyoo ni mojawapo ya visababishi vyake. Kikombe cha uji kabla hajatoka nyumbani nacho kina kazi yake.

Vipimo vyote ni vizuri. Sasa?

Hapo ndipo tunaifikiria disleksia, yaani shida ya ubongo kuunganisha sauti na herufi zake. Mtoto huzaliwa nayo na mara nyingi inakuwa katika ukoo, kwa hiyo waulize baba na wajomba walivyosoma shuleni. Haitokani na malezi mabaya wala kurogwa, na haina uhusiano na uwezo wa kufikiri. Dawa ya kumeza haipo. Anayekuuzia anakula pesa yako.

Kwa Kiswahili, ambacho kwa kawaida husomwa kama kilivyoandikwa, wengi wao hatimaye husoma kwa usahihi, ila kwa kujikokota, na wakifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshasahaulika. Kwa sababu hiyo wengine hupita bila kutambuliwa mpaka wakutane na Kiingereza, ambacho tahajia yake haifuati matamshi.

Kuchanganya b na d peke yake kusikutishe. Kwa mtoto wa miaka 5 au 6 ni kawaida. Ikiendelea baada ya miaka 7 au 8, pamoja na kusoma kwa shida, ifuatilie.

Nyumbani nimsaidieje?

Watoto wengi huimba "ba be bi bo bu" na mzazi akaridhika. Andika "bo" peke yake umwonyeshe. Akilazimika kuanzia "ba" ndipo aifikie, ujue anakumbuka wimbo, herufi bado hajazijua.

Anza na sauti tupu, bila maandishi. Sema "kitabu", apige kofi kwa kila silabi: ki-ta-bu. Muulize, tukiondoa "ki" kinabaki nini? Mtoto anayejibu "tabu" ameanza kusikia maneno yalivyoundwa, na hilo ndilo disleksia inalolifanya kuwa gumu. Kisha kata vipande vya boksi, uandike silabi moja kwa kila kimoja. Chache tu: ma, ka, ta. Aitamke kila moja huku akiichora mchangani kwa kidole, halafu aziunganishe: kaka, mama, taka. Michanganyiko kama mb, nd na ng' ingoje hadi hizi zikae. Dakika 15 kila siku zinatosha, tena zinashinda saa mbili za Jumapili. Acha kabla hajachoka.

Na wewe umsomee. Kushindwa kusoma kusimnyime hadithi na maarifa ambayo wenzake wanayapata vitabuni.

Bibi yake anasema fimbo itamnyoosha.

Fimbo itamfundisha kuficha daftari. Kwa heshima zote, mweleze bibi.

Nimwombe nini mwalimu?

Mwalimu mwenye watoto 80 darasani hawezi yote, kwa hiyo omba machache: akae mbele, asisimamishwe kusoma kwa ghafla mbele ya wenzake, na akishindwa kuandika jibu aulizwe kwa mdomo. Kumkaririsha darasa bila kubadili namna anavyofundishwa ni kumrudisha pale pale alipokwama. Kwa Tanzania, mwalimu mkuu anaweza kukuelekeza kwa afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri. Kenya kuna vituo vya upimaji wa watoto vinavyojulikana kama EARC.

Kuna dalili za kukimbilia hospitali?

Ndiyo. Mtoto aliyekuwa akisoma vizuri kisha uwezo ukapotea, apelekwe bila kuchelewa. Hali kadhalika anayeduwaa kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku, macho yamekodoa, ukimwita hasikii, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Walimu hudhani anaota mchana, kumbe inaweza kuwa aina ya kifafa isiyoangusha, na hiyo inazo dawa.