Merelaniite si tanzanaiti: jina hili linaandikwaje na lilitoka wapi

Siku hizi katika fomu za madini tunazopokea hapa ofisini, sehemu ya "aina ya madini" inajazwa majina yasiyolingana na kilichomo kwenye pakiti. Mwombaji ameleta tanzanaiti, ameandika "merelanite". Mwingine ameandika "mireranite". Wengi wana nia njema: wamesikia kuna madini yenye jina la kisayansi lililotokana na Mirerani, mji wa machimbo ya tanzanaiti wilayani Simanjiro, wakaamini ndilo jina la kitaalamu la tanzanaiti.

Silo. Tumelisema hili mara nyingi dirishani, sasa tunaliandika.

Tanzanaiti ni aina ya bluu ya madini yaitwayo zoisaiti. Zoisaiti ilipewa jina mwaka 1805 kwa heshima ya Sigmund Zois, bwana aliyependa kukusanya madini katika nchi ambayo leo ni Slovenia. "Tanzanaiti" ni jina la biashara, lililotolewa na kampuni ya Tiffany mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya jiwe kugunduliwa Simanjiro.

Merelaniite ni madini mengine kabisa, yaliyotambuliwa rasmi mwaka 2016. Ni nyuzi za rangi ya kijivu iliyokoza, nyembamba kama unywele, zinazoota juu ya fuwele za madini mengine, tanzanaiti ikiwemo. Ndani yake kuna molibdeni, risasi, vanadi, antimoni na salfa. Ukiutazama uzi mmoja kwa hadubini unaona tabaka zilizojiviringisha kama mkeka uliokunjwa. Vanadi hiyohiyo, kwa kiasi kidogo, ndiyo inayoipa tanzanaiti ubluu wake. Lakini merelaniite haikatwi wala haivaliwi.

Sasa tahajia. Jina limeundwa na "Merelani" na kiambishi "-ite", chenye asili ya Kigiriki, kinachobeba maana ya kitu kinachohusiana na mahali au jambo fulani. Merelani inaishia na i, "-ite" inaanza na i, kwa hiyo i ni mbili na zote huandikwa. Ukidondosha moja umeandika jina lisilokuwepo katika orodha yoyote.

Na kwa nini Merelani, wakati kibao cha mji kinasema Mirerani? Swali hili ni la haki, na mimi pia linanigusa. Vitabu na majarida ya nje yanayohusu vito yamezoea kuandika Merelani kwa miaka mingi, na walioyaeleza madini hayo walifuata mazoea hayo. Mwongozo wa kimataifa unataka jina la mahali lifuate tahajia inayotumika mahali penyewe. Ningependa kuona Mirerani. Hata hivyo jina likishaidhinishwa halirekebishwi na mwombaji kwa kalamu yake.

Idhini yenyewe huwa hivi. Mgunduzi hupeleka pendekezo kwenye kamisheni ya IMA, chama cha kimataifa cha wataalamu wa madini, akieleza kemikali, muundo wa fuwele, mahali pa kupatikana na sababu ya jina. Sampuli ya kielelezo lazima ihifadhiwe makumbusho. Zaidi ya nusu ya wajumbe wanatakiwa kupiga kura. Madini hupita kwa zaidi ya theluthi mbili za kura za ndiyo, jina kwa zaidi ya nusu. Baada ya hapo maelezo yanatakiwa kuchapishwa ndani ya miaka miwili. Mtu haruhusiwi kuyaita madini aliyoyaeleza kwa jina lake mwenyewe, na akitaka kumpa heshima mtu aliye hai lazima apate ridhaa yake. Dalali wa mawe hana nafasi popote katika mlolongo huu.

Kwenye fomu, andika tanzanaiti kama ni tanzanaiti. Kama huna uhakika, acha wazi na uombe utambuzi wa maabara kabla ya kusaini. Sahihi yako inathibitisha kwamba uliyoandika ni kweli, na kutoa taarifa za uongo kwa makusudi kuhusu madini ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani na madini yako kutaifishwa. "Nilidhani ni jina la kisasa" ni maelezo dhaifu pale uzito na thamani navyo havilingani.

Ukiona nywele nyeusi-nyeusi zimeshika kwenye fuwele zako, usizisugue kwa brashi wala kuzitia asidi ili jiwe ling'ae. Zifunge zilivyo, kwenye kasha gumu, andika zilitoka shimo gani na kina gani, kisha uzilete.