Kihami joto ni nini, na ofisi ya uani hapa Malindi inakihitajia nini?

Saa nane mchana, mwezi wa Machi, panda juu ya kiti ndani ya chumba chochote cha bati hapa Malindi uguse dari kwa kiganja. Mimi nilifanya hivyo katika ofisi yangu ya uani kabla haijakwisha kujengwa. Nusu ya dari ilikuwa imeshatandikwa mabamba meupe ya polisterini kwa juu, yale yanayofungiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Nusu ya pili ilikuwa bodi tupu chini ya bati. Upande mtupu nilihesabu hadi tano nikautoa mkono. Upande wenye mabamba ningeweza kuuacha pale hadi adhana ya alasiri. Bati ni lile lile na jua ni lile lile.

Fundi alikuwa amenipinga tangu mwanzo. "Mama, haya ni mambo ya Ulaya. Wao wana baridi, wanaziba joto lisitoke. Sisi hapa baridi iko wapi?" Nimesikia swali hilo kwa watu wengi, na ndilo linalofaa kuanzia.

Neno kihami limetoka kwenye kitenzi hami, yaani kulinda, kukinga. Mpira unaovishwa waya wa umeme ni kihami, kwa sababu unauzuia umeme usimfikie mtu. Kihami joto hufanya kazi hiyo kwa joto. Joto siku zote hutoka palipo na moto zaidi likaenda palipopoa, na kihami hulipunguza kasi njiani. Hakichagui upande. Uingereza mtu akijenga chumba cha kazi bustanini mwake, hukiziba ili joto la hita lisikimbilie nje mwezi wa Januari. Sisi tunaziba ili joto la paa lisitushukie. Nilimwonyesha fundi chupa yake ya chai: hiyo hiyo inayoweka chai ya moto hadi usiku, ndiyo inayoweka sharubati ya baridi hadi magharibi siku za Ramadhani.

Kinachofanya kazi ndani ya kihami ni hewa, hewa iliyofungwa isiweze kutembea. Bamba la polisterini, kwa ujazo wake, ni hewa kwa takriban asilimia 98. Sufu ya mawe, inayotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa, ni nyuzi zilizoshika hewa katikati yake, na makumbi ya nazi ni vivyo hivyo. Wanafizikia hukipima kila kitu kwa namba inayoonyesha kinavyopitisha joto, na namba ndogo ndiyo nzuri. Hewa iliyotulia ni kama 0.025, polisterini kama 0.035, mbao laini kama 0.13, jiwe la chokaa ni 1 au zaidi, na chuma ni kama 50. Bati basi, tena lenye unene usiofika nusu milimita, halizuii chochote. Na polisterini ya sentimita 5 hulizuia joto sawa na ukuta wa jiwe wenye unene wa karibu mita moja na nusu.

Hapo mtu wa Lamu ataniuliza: mbona nyumba zetu za mawe zina ubaridi mchana, na hakuna aliyetia polisterini? Ni kweli, lakini zinapoa kwa njia nyingine. Kuta zile nene za matumbawe na chokaa zinafanya kazi kwa uzito wake. Jua likizipiga, joto huchukua saa nyingi kupenya, na likifika ndani jua limeshatua. Halafu kuna kiwanda cha katikati, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kinachovuta hewa, na vichochoro vyembamba ambavyo nyumba moja huitilia nyingine kivuli. Deni lake hulipwa usiku, ukuta unapoanza kulitoa joto uliloshika, na ndiyo maana watu hupanda juu chini ya makuti kutafuta upepo. Kwa chumba cha kulala hilo ni jambo la kufikiriwa sana. Ofisi inayofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni haina usiku wa kuhofia, kwa hiyo mbao nyepesi zenye kihami zinatosha, na gharama yake si sawa na kujenga kwa mawe.

Makuti yenyewe ni kihami, tena cha zamani. Tabaka juu ya tabaka la majani makavu hushika hewa, na hewa moto ya ndani hupata pa kutokea. Ningekuwa na uwanja mkubwa ningeezeka makuti. Uani kwangu ni mdogo na jiko la mkaa liko hatua chache, na moto ukishika makuti hauna mjadala.

Sasa kihami kiwekwe wapi? Juu. Malindi iko nyuzi kama 3 tu kusini mwa ikweta, na mwezi wa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita hupita utosini kabisa. Paa ndilo linalobeba mzigo siku nzima. Baada ya paa, ukuta wa magharibi, unaopigwa jua la jioni wakati mtu ameshachoka, kisha wa mashariki. Kuta za kaskazini na kusini hutoshwa na upenu mrefu. Sakafu usiitie kitu. Video nyingi za ng'ambo zinaonyesha mabamba yakilazwa chini ya sakafu, na kwao ni sawa kwa sababu ardhi yao ina baridi inayowasumbua. Ardhi yetu iliyo kivulini ni baridi kuliko paa, na sakafu ya simiti inayogusa udongo inatusaidia bure.

Ile karatasi inayong'aa kama fedha, inayouzwa kwa roli, ni kitu tofauti, na mafundi wengi huiharibu. Yenyewe ni nyembamba mno kuweza kuzuia joto linalopita kwa kugusana. Kazi yake ni kuyarudisha yale mawimbi ya joto yanayotoka kwenye bati la moto, kama unavyohisi joto la sufuria bila kuigusa. Ili ifanye kazi hiyo ni lazima upande unaong'aa utazamane na nafasi ya hewa, walau sentimita 2 au 3. Ukiibananisha na bati, joto hupita moja kwa moja na pesa zako zimekwenda.

Polisterini nayo isiachwe wazi. Inashika moto upesi na moshi wake ni sumu, basi ifunikwe kwa bodi ya jipsamu, na waya za umeme zipite ndani ya paipu.

Na kihami hakipoozi. Mtu aliyekaa tu hutoa joto la kama wati 100, na kompyuta huongeza lake. Ukikiziba chumba pande zote bila tundu, joto lako mwenyewe litakaa nawe humo ndani. Madirisha mawili yanayotazamana, moja la kupokea kusi na jingine la kupokea kaskazi, ni sehemu ya kazi hii kama yalivyo mabamba.

Anayetaka eyasii, yaani kiyoyozi, ajue jambo moja zaidi, nalo ndilo linaloniuma, kwa kuwa nimeona chumba cha jirani kikiharibika kwalo. Alifuata maelekezo ya nchi za baridi, akatandaza nailoni ya kuzuia unyevu upande wa ndani, nyuma ya bodi. Kule unyevu hutoka ndani penye joto ukaenda nje, kwa hiyo nailoni hukaa ndani. Hapa, eyasii ikiwaka, hewa ya bahari yenye maji mengi inatoka nje kuelekea ndani kwenye ubaridi, ikafika kwenye ile nailoni baridi ikageuka matone. Alipobandua bodi ya kwanza, mbao zilikuwa nyeusi kwa ukungu na misumari ilikatika kwa vidole. Nailoni kwetu hukaa upande wa nje, upande wa joto. Na chumba cha madirisha wazi kisicho na eyasii hakihitaji nailoni hata kidogo, kiache kipumue.