Jiji la Dar es Salaam, lililovunjwa mara tatu

Sisi tunaofundisha mambo ya serikali za mitaa huulizwa swali moja tena na tena: Jiji la Dar es Salaam liko wapi? Anayeuliza huwa anatania kidogo, lakini ana hoja. Kisheria, mkazi wa Mbagala au Tegeta hayumo ndani ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, hata kama amezaliwa na kukulia Dar.

Dar ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949, ikawa jiji tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya uhuru. Meya wake wa kwanza Mwafrika alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi. Baraza hilo halikudumu. Mpango wa Madaraka Mikoani ulioanza 1972 ulizifuta halmashauri za wilaya, na za miji zikafuata. Mitaro ikaziba, taka zikarundikana, kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa.

Mara ya pili ilikuwa 1996. Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja baraza kwa sababu ambazo wakazi walizijua bila kuambiwa: barabara mbovu na uchafu. Ikaundwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tume ilipoondoka, mwaka 2000, Dar ikagawanywa katika manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake ikawekwa Halmashauri ya Jiji.

Hapo ndipo penye utata, na binafsi naona ndipo mbegu ya mwisho wake ilipopandwa. Jiji hilo halikuwa na kata hata moja ya kwake. Hakuna mwananchi aliyempigia kura diwani wa Jiji: wajumbe walitoka kwenye manispaa, wakiwamo wabunge. Kazi yake ilikuwa kuratibu yale yanayovuka mipaka, kama dampo la Pugu Kinyamwezi na stendi ya mabasi ya mikoani pale Ubungo. Vikao vikifanyika Karimjee, ukumbi wenye heshima zake, huku kodi na ardhi vikiwa mikononi mwa manispaa. Ukiwa na joho la umeya na huna mtaa, manispaa ikikukatalia utafanya nini? Ubungo na Kigamboni zilipopewa manispaa zao, wa kuratibiwa wakawa watano.

Tarehe 24 Februari 2021 Rais John Magufuli alilivunja Jiji na kuipandisha Ilala kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Mwezi huohuo ilizinduliwa stendi mpya ya Mbezi Luis, mradi uliokuwa wa Jiji lenyewe. Leo stendi hiyo iko chini ya Manispaa ya Ubungo.

Wanaosema halmashauri ile ilikuwa mzigo wa posho wana hoja yao. Ila kazi haikuvunjwa pamoja na ofisi. Uingereza ililiona hilo mwaka 1986, ilipofuta mabaraza sita ya kaunti za miji mikubwa pamoja na lile la London: wilaya zilirithi mengi, lakini zimamoto ilibidi iundiwe mamlaka za pamoja, maana moto hauulizi mpaka wa wilaya. Taka nazo haziulizi. Kwa Dar, sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima, na uratibu wa halmashauri zake tano sasa umebaki kwa Sekretarieti ya Mkoa, ambayo haina meya wala diwani.

Kwa hiyo ukitafuta leseni ya biashara, usiongozwe na neno "Jiji" lililo kwenye kibao. Wa Mbagala aende Temeke, wa Tegeta aende Kinondoni. Ofisi ya Jiji itamhudumia wa Kariakoo, Buguruni na Gongo la Mboto.