Kifuko cha Majimaji Kwenye Taya: Kwanza Ulizia Jino Lililokizaa

Jino lililouma usiku kucha, kisha likanyamaza lenyewe bila tiba, halijapona. Mara nyingi kiini chake, ile nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, kimekufa. Maumivu yameisha lakini vijidudu vimebaki ndani ya mfereji wa mzizi, mahali ambapo damu haifiki tena, na kwa hiyo kinga ya mwili haifiki, wala dawa ya kumeza. Kutoka hapo, kimyakimya, huanza safari ya aina ya sisti (kifuko cha majimaji) tunayoiona kuliko zote: kifuko kwenye ncha ya mzizi.

Sumu ya vijidudu hutoka kwenye tundu dogo la ncha ya mzizi na kuukera mfupa. Mwili hujibu kwa kujenga nyama ya uvimbe sugu, yaani granuloma. Katika nyuzi zinazoshikilia jino kwenye mfupa kuna masalia ya seli zilizosaidia kuunda mzizi jino lilipokuwa linakua; huitwa masalia ya Malassez. Kwa kawaida yamelala. Uvimbe ukiyaamsha, yanagawanyika hadi kufanya kifuko chenye utando wake na majimaji katikati. Seli zinazokufa ndani huyafanya majimaji hayo kuwa mazito kuliko ya nje, kwa hiyo yanavuta maji kupitia utando na shinikizo linapanda. Utando nao hutoa kemikali, prostaglandini zikiwemo, zinazochochea mfupa wa jirani uliwe. Ndiyo maana kifuko hukua polepole, miezi na miaka, bila maumivu yoyote mpaka kiingiliwe na usaha.

Wengi hugundua kwa bahati, kwenye eksirei iliyopigwa kwa sababu nyingine. Wengine huona uvimbe mgumu kwenye fizi, meno yanayoegemeana upande, au kitundu kinachotoa usaha na kujifunga kwa zamu. Mfupa ukishakuwa mwembamba sana, ukiubonyeza unabonyea na kutoa mlio kama ganda la yai linalopasuka.

Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wa mgonjwa na wa daktari pia. Kabla ya kugusa kifuko, lazima ijulikane kimetoka wapi, na swali la kwanza ni hili: jino lililo karibu nacho ni hai au limekufa? Tunapima kwa baridi. Pamba iliyopuliziwa dawa ya kugandisha huwekwa kwenye kila jino la eneo hilo, na kwenye jino kama hilo la upande wa pili kwa kulinganisha. Jino hai hushtuka kisha linatulia, lililokufa halijibu. Tahadhari moja: gego lina mizizi zaidi ya mmoja, na linaweza kuwa na mfereji uliokufa na mwingine ulio hai, likajibu baridi huku lina ugonjwa. Kwa hiyo tunagonga pia, tunapima kina cha fizi, na tunatafuta ufa au ziba la zamani linalovuja.

Ikiwa meno yote ni hai, hicho si kifuko cha mzizi, na kuyatibu mizizi ni kuharibu meno mazima. Kifuko kilicho katikati kabisa, nyuma ya meno mawili ya mbele ya juu, huenda kimetokana na mabaki ya mrija wa kati ya pua na kaakaa. Kikizunguka kichwa cha jino lililokwama ndani ya mfupa, hasa gego la mwisho la chini au chonge la juu, huitwa kifuko cha jino lisiloota. Tunaanza kukishuku pale nafasi nyeusi kati ya jino na mfupa inapozidi milimita 5 kwenye picha. Kwa mtoto, uvimbe wa buluu juu ya jino linalotaka kuchomoza kwa kawaida hupasuka wenyewe. Uachwe, isipokuwa umeota usaha au unamzuia kula.

Kuna jambo ambalo eksirei haiwezi, hata iwe nzuri kiasi gani: haitofautishi granuloma na sisti kwa uhakika. Doa jeusi kubwa kwenye picha huongeza uwezekano wa sisti, basi. Doa kubwa la taya la chini linaweza pia kuwa keratosisti, aina ya sisti yenye tabia ya kurudi, au uvimbe uitwao ameloblastoma, ambao matibabu yake ni mazito zaidi. Kwa kifuko kikubwa navuta majimaji kwanza kwa sindano nene ya geji 18. Maji ya rangi ya majani makavu, yanayometameta kwa chembe za kolesteroli, yanaelekea kwenye sisti ya kawaida. Uji mweupe mzito ni dalili ya keratosisti. Ikija damu tupu inayojaza bomba, upasuaji unasimama, kwa maana huenda ni ugonjwa wa mishipa ya damu. Picha ya CT ya pande tatu inahitajika pale kifuko kinapokaribia mfereji wa mshipa wa fahamu wa taya la chini au sainasi, yaani uwazi wa hewa ulio juu ya meno ya juu.

Tukija kwenye tiba, kifuko kidogo cha jino lililokufa hakihitaji kisu mwanzoni. Kinahitaji matibabu ya mzizi yaliyofanywa vizuri. Jino linatengwa kwa shuka ya mpira ili mate yasiingie, mifereji yote inatafutwa, urefu unapimwa kwa kifaa na kwa picha, kisha mfereji unasafishwa kwa hipokloriti ya sodiamu huku ukipanuliwa. Dawa ya hidroksidi ya kalsiamu inaweza kukaa ndani wiki moja hadi nne. Mfereji ukiwa mkavu unajazwa, na jino linazibwa au kuvikwa kofia bila kuchelewa. Kinachoharibu kazi hii ni kile kile kila mara: mfereji uliosahaulika (gego la kwanza la juu lina tabia ya kuficha wa nne), kujaza kifupi mno, au ziba la juu linalovuja. Picha ya ufuatiliaji hupigwa baada ya miezi 6, kisha mwaka. Doa linalopungua linapona hata kama halijaisha. Tunalisubiri hadi miaka 4 kabla ya kusema limeshindikana. Vifuko ambavyo uwazi wake umeungana na mfereji wa mzizi hupona hivi. Vile vilivyojifunga pande zote vinaweza kukataa, kwa sababu vinajitegemea.

Vikikataa, tunafungua fizi, tunakata milimita 3 za ncha ya mzizi, tunaziba mzizi kwa nyuma na kutoa kifuko. Jino lisiloweza kuokolewa hung'olewa, lakini ni kosa kung'oa na kuacha utando shimoni: unaweza kuendelea kukua pasipo jino, na miaka baadaye ukaitwa sisti ya masalia.

Kutoa kifuko kizima hufanyika kwa sindano ya ganzi yenye adrenalini, au kwa usingizi kama ni kikubwa. Mkato wa fizi upangwe ili mshono ukalie mfupa mzima, la sivyo unazama shimoni na kufumuka. Dirisha linafunguliwa kwenye mfupa, kisha utando unabanduliwa kwa kijiko cha upasuaji, ukingo wa kijiko ukiambaa kwenye mfupa na mgongo wa kijiko ukitazama kifuko. Lengo ni utoke kipande kimoja. Ukichanika, kila kona ikaguliwe. Kisha utando wote, kila mara, uingie kwenye formalini ya asilimia 10 na kwenda maabara ya patholojia. Sikubaliani kabisa na mazoea ya kuutupa kwa kuwa "unaonekana wa kawaida".

Kifuko kikubwa kinachogusa mshipa wa fahamu, au kilichobakisha taya jembamba, mara nyingi hupunguzwa kwanza. Tunakata dirisha, tunachukua kipande cha kupima, tunashona ukingo wa utando na ngozi ya kinywa, au tunaweka kijibomba. Shinikizo likishaondoka, mfupa unaanza kurudi. Kazi kubwa hapo ni ya mgonjwa: kusukuma maji ya chumvi ndani kwa bomba la mililita 20 kila baada ya kula, kwa miezi kadhaa. Akiacha, dirisha linajifunga na kifuko kinajaa upya.

Keratosisti ni habari nyingine. Utando wake ni mwembamba, unachanika kirahisi, na huwa na vifuko wana pembeni, hivyo hurudi. Baada ya kuutoa, mfupa wa ukutani husagwa kidogo au kupakwa dawa ya kuua seli zilizobaki. Mwenye keratosisti kadhaa, hasa akiwa kijana, achunguzwe kama ana ugonjwa wa kurithi wa Gorlin. Ufuatiliaji ni wa picha kila mwaka kwa miaka 5 ya mwanzo, na usikome hapo, kwani nyingine hurudi baada ya miaka 10.

Antibiotiki hazitibu sisti. Zina nafasi pale usaha unaposambaa na kuleta homa, tena pamoja na kuutoa usaha huo. Uvimbe chini ya ulimi au shingoni, kushindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Baada ya upasuaji usisukutue saa 24 za kwanza. Barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 20 kwa wakati mmoja, inatosha. Kuanzia siku ya pili, sukutua taratibu kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu. Kama kifuko kiligusa sainasi, usipenge kamasi wiki mbili, na chafya itoke kinywa kikiwa wazi. Taya lililobaki jembamba linaweza kuvunjika hata kwa kutafuna, kwa hiyo chakula laini kiendelee wiki 4 hadi 6. Ganzi ya mdomo wa chini isiyoisha siku ya pili iripotiwe.

Mfupa hujaza shimo kwa miezi 6 hadi 12, kubwa zaidi likachukua miaka 2. Pale ukuta wa mbele na wa nyuma wa mfupa ulipokwisha kuliwa, hubaki kovu la nyama ambalo kwenye eksirei ni doa jeusi na si ugonjwa. Ukihama hospitali, ondoka na nakala ya picha zote na jibu la maabara, ili daktari mpya asikupasue kovu, wala asiliite kovu doa ambalo linakua.