Anza na Msimulizi, Dhamira Itafuata

Ninaposahihisha insha za wanafunzi wa fasihi, mara nyingi hukutana na uhakiki ambao kwa hakika ni orodha tu: mwandishi ametumia tashbihi (kufananisha kitu na kingine), ametumia taharuki (kumwacha msomaji na hamu ya kujua), ametumia mbinu rejeshi (kurudi nyuma kusimulia yaliyotangulia). Istilahi zote ni sahihi, lakini hadithi yenyewe haijaguswa. Kwa maoni yangu, istilahi ina kazi pale tu inapotuwezesha kueleza jinsi matini inavyomwathiri msomaji, na ndiyo maana huwashauri wanafunzi waanze kwa kuuliza nani anasimulia, kabla ya kuuliza hadithi inahusu nini.

Tuchukue kipande hiki nilichokitunga kwa ajili ya somo: “Baba aliporudi aliziweka funguo mezani polepole, kana kwamba meza ingevunjika. Mama hakuuliza kitu. Mimi nikajua kwamba barua imefika.”

Msimulizi ni mtoto, anatumia nafsi ya kwanza, naye ni mhusika ndani ya hadithi. Hawezi kuingia moyoni mwa baba. Anachoweza ni kuitazama mikono yake. Mpaka huo wa ujuzi wake ndio unaozaa taharuki, kwa kuwa nasi tunabaki nje pamoja naye, bila kujua barua inasema nini. Lau angesimulia msimulizi maizi, yule anayejua yaliyomo mioyoni mwa wahusika wote, angetuambia kwa sentensi moja kwamba baba ameachishwa kazi, na funguo zile zisingekuwa na uzito wowote. Hata tashbihi ya meza si pambo: inatuonesha mtoto aliyezoea kuusoma mwili wa baba yake.

Msimulizi huyu asichanganywe na mwandishi, ambaye katika mfano huu ni mimi, mtu mzima. Mhakiki Mfaransa Gérard Genette, katika kazi yake ya mwaka 1972, alikwenda mbali zaidi akatenganisha anayesema na anayeona, kwani mtu mzima anaweza kusimulia kwa lugha ya utu uzima mambo yanayotazamwa kwa macho ya mtoto aliyekuwa zamani.

Kuhusu msuko, au ploti, bado sijaona maelezo mafupi yanayoshinda yale ya mwandishi Mwingereza E. M. Forster ya mwaka 1927: mfalme akafa, kisha malkia akafa, hiyo ni hadithi; mfalme akafa, kisha malkia akafa kwa huzuni, huo ni msuko. Kilichoongezeka ni sababu. Anayeandika muhtasari wa “kisha” na “kisha” bado hajauchambua msuko, na anayetaja mbinu rejeshi bila kueleza kwa nini habari ile ilicheleweshwa hajasema lolote. Forster huyohuyo ndiye aliyewagawa wahusika kuwa bapa, waliojengwa juu ya sifa moja, na duara, wenye sura nyingi na wanaoweza kutushangaza, mgawanyo ambao wanafunzi huugeuza kuwa hukumu, ilhali mhusika bapa si kosa la mwandishi. Vichekesho vingi vingekufa bila yeye.

Mandhari hayahitaji maneno mengi: yataje iwapo tu kuyabadilisha kungebadilisha tukio.

Dhamira ndiyo inayoharibiwa zaidi. “Umaskini” au “familia” ni mada. Dhamira ni kile ambacho hadithi inasema kuhusu mada hiyo, nayo haina budi kuandikwa kwa sentensi kamili yenye ushahidi. Katika kipande chetu ningeandika kwamba familia hii huificha aibu kwa kunyamaza, na ushahidi wangu ungekuwa mama asiyeuliza. Mwanafunzi mwingine anaweza kudai kwamba mama hakuuliza kwa sababu naye, kama mtoto, amekwisha kuelewa kutokana na zile funguo kwamba barua imefika, na nitampa alama zake zote. Nitakayemnyima ni yule atakayeandika “dhamira ni familia” na kuhamia swali linalofuata.