Etabli ya chuma mu garaje: maneno tunasikiaka na vile iko kweli

Hapa Lubumbashi chuma haikosaki, unatembea kidogo tu unakuta fundi na posti yake ya kusude, mashini ya kuunganisha chuma na moto, mbele ya parsele, na mutu akisema anataka kujitengenezea etabli, ile meza ya kazi ya garaje, atapata mashauri ya bantu kumi mbele hata hajanunua bare moja. Mashauri mingi iko muzuri. Lakini kuko maneno ingine inarudiliwa kila siku na inapotezesha bantu franga ya bure, na moja kati yayo inaumiza bantu mapafu, njo maana naandika.

Ya kwanza: "ukitaka etabli ya nguvu nunua chuma nene." Hapana. Unene si njo inasimamisha meza, ni umbo. Chukua bijiti bine, pigilia musumari moja moja ku kila kona ikuwe kama dirisha, kisha sukuma kona moja na kidole: inalala upande. Ongeza kijiti cha tano kutoka kona mpaka kona, sukuma tena. Haiendi. Wakati unakaza bulo mu eto (ile mudomo ya chuma ya kubana kitu ku meza) na unavuta funguo na mwili yote, ile nguvu haiende chini, inaenda kando, na miguu minene bila kitu ya kufunga kona itacheza paka vile.

Kornyere, chuma ya umbo la L, nayo banaipenda sana juu bei yake iko chini na iko rahisi kukata. Kwa rafu ni sawa. Kwa miguu ya etabli yenye itabeba eto, mimi nasema hapana, juu kornyere iko wazi na kitu cha wazi kinajipindisha. Kunja karatasi ya kaye ikuwe L, shika huku na huku, uipinde, inajikunja mara moja, halafu kunja ingine ikuwe tibi, ni kusema bomba, gamisha ukingo na gundi, ujaribu tena. Utaelewa na mikono yako.

Kwa hiyo tibi kare (bomba ya pande ine sawa) ya 50 kwa 50, unene 3 mm, inatosha kabisa. Kwa etabli ya 150 kwa 60, urefu wa kwenda juu 88 sentimita, bare mbili za mita 6 zinafika: ya kwanza unakata vipande vitatu vya 150 na viwili vya 60, ya pili miguu yote mine na vipande vitatu vya 60, na ile inabakia unaikata vipande vya kama 30 vya kufunga kona, vya kwanza uviweke ku nyuma. Uzito wenyewe unakuja bila kuutafuta: mita moja ya ile tibi iko karibu kilo 4,3, na tole (chuma bapa) ya juu ya 6 mm kwa kipimo hicho iko karibu kilo 42, ukijumlisha yote unapita kilo 90. Mutu anakuambia ununue tole ya 10, ile peke yake ni kilo 70, na kwa kazi ya garaje ya nyumbani sioni itakusaidia nini.

Sasa ile yenye inaniuma roho. "Ukisude galvanize (chuma yenye kupakwa zinki), kunywa maziwa, itatosha sumu mu mwili." Basuderi banaambiana hivi tangu zamani, na mutu anasude kutwa mu garaje ya kufungwa juu ako na pakiti ya maziwa pembeni. Maziwa inaenda ku tumbo, moshi inaingia ku mapafu. Zinki inachemka ku digri 907, na chuma inayeyuka karibu ku 1.500, maana yake mbele chuma haijashikana zinki imekwisha kuwa ule moshi mweupe unaouvuta. Magaribi mutu anaanza kutetemeka, homa, kichwa, mdomo una ladha ya chuma, anafikiri ni malaria, na kesho kutwa inaisha, basi anasema maziwa imemuponyesha. Ile homa kwa kawaida inaisha yenyewe ndani ya siku moja ao mbili. Kifua kikibana, mutu aende hospitali, asingojee. Kwa etabli nunua tu chuma nyeusi, ile haina zinki, na kama kipande cha galvanize hakiepukiki, parua zinki sentimita chache pande zote za mahali utasude, na maski ku uso hata wakati wa kuparua, kisha sude inje, upepo upite kando yako usikuletee moshi ku uso.

"Sude tole kuzunguka yote, njo itashika." Mimi nilifanya hivi. Laini muzuri kabisa, kutoka kona hii mpaka kona ile bila kuachia. Ilipopoa niliweka regle juu, na katikati bageti ya kusude ya milimita 2,5 ilipita chini ya regle bila kugusa. Chuma yenye kupata moto inapopoa inajikaza na inavuta tole pamoja nayo. Weka pointi (matone madogo ya kusude) kwanza, pima diagonali mbili, zikiwa sawa njo uendelee, kisha sentimita 3 hapa, uruke kama 20, uende upande wa pili, uache ipoe. Ile inashika tole vizuri sana.

Urefu nao hauna namba moja ya bantu yote. Kwa eto, simama wima, kunja mukono, midomo ya eto ifike ku kiwiko chako. Na eto yenyewe usiiweke katikati ya meza kama maua, iweke juu ya muguu, kona ya upande wa mukono unaotumia zaidi, juu kila nyundo unayopiga inateremuka moja kwa moja mpaka chini.

Na kama simenti ya garaje haiko sawa, usiweke kipande cha mbao chini ya muguu, kitatoka tu. Funga chini ya kila muguu na tole ndogo yenye tundu katikati, sude hapo ekru ya M16 (ya bulo ya milimita 16), ingiza bulo kichwa chini, zungusha mpaka miguu yote mine inagusa, kisha kaza na ekru ya pili.